Picha ya Tisa

Ijumaa hiyo, saa tisa alasiri, msichana alisimama mbele ya karakana ya mizani kwa muda uliotosha kukisoma kibao cha mlangoni mara tatu, ingawa alikijua kwa moyo. Mkobani mwake mlikuwa na picha kumi na mbili alizozing'oa ukutani mwa chuo asubuhi ile, pamoja na fomu moja ya ridhaa. Kichwani alikuwa na maneno ya kuomba radhi aliyoyapanga tangu alfajiri. Nayo, kama maneno mengi yaliyopangwa mapema mno, yalikuwa yamekwisha kuchacha.

Keshokutwa, Jumapili, mzee wa karakana hiyo na dada yake walikuwa wamekusudia kufika kwao kumposa kwa ajili ya mwana wa mzee. Walikusudia hivyo hadi Jumatatu. Tangu Jumatatu hakuna aliyemwambia kuwa safari imevunjika, wala hakuna aliyemwambia kuwa ipo.

Miezi miwili nyuma alikuwa ameingia kwa mlango uo huo akiwa na kamera ya kuazima na barua ya mhadhiri. Somo lilikuwa sosholojia, na kazi ilikuwa insha ya picha: mwanafunzi akae na watu wa kazi moja, awatazame bila kuwasumbua, kisha aonyeshe maisha yao kwa picha kumi na mbili zenye maelezo mafupi. Wenzake walichagua masoko na viwanja vya mpira, mahali penye rangi. Yeye alichagua chumba chenye dirisha moja, ambamo mizani za masonara, za maduka ya dawa na za maabara zililetwa kusahihishwa, kwa sababu alidhani kwamba mahali pasipo na rangi pana ukweli zaidi. Dhana hiyo haijapata kuthibitishwa na mtu yeyote.

Mhadhiri aliwaonya wanafunzi wake juu ya mambo mengi. Wasilipe watu ili watabasamu. Wasipige picha bila ruhusa. Wawarudishie washiriki picha zote wazipitie kabla hazijatundikwa. Hakuonya juu ya kumpenda mshiriki. Pengine alidhani watu wazima wanajua.

Karakana ilikuwa na sheria moja. Jiwe la mizani, kipande cha chuma ambacho mara nyingine ni kidogo kuliko punje ya mchele, lilipokuwa likiwekwa kwenye sahani kwa kibano, au mshale ulipokuwa ukisomwa kabla ya mizani kupigwa muhuri wa usahihi, feni ilizimwa, mlango ulifungwa, na hakuna aliyesema wala kupita. Mtu aliyekatazwa kusema na kusogea hubakiwa na macho. Mwana wa mzee, ambaye mtaa ulimwita Miligramu kwa kuwa hata salamu alizitoa kwa kipimo, alibakiwa na macho yake siku ya nne, naye msichana, ambaye walikwisha kumbatiza Kamera, alibakiwa na yake. Siku ya ishirini, kwenye benchi la nyuma ya maktaba ya chuo, kijana alimwambia yale ambayo vijana huambiana. Hayakuwa na upya wowote. Yeye aliyapokea kana kwamba lugha ilikuwa imebuniwa asubuhi ile.

Sasa msichana alipiga moyo konde, akasukuma mlango.

"Hodi."

"Hodi ya nini tena?" Shangazi yake Miligramu alijibu bila kuinua uso kutoka kaunta. Ndiye aliyewapokea wateja, na ndiye aliyemlea kijana tangu mama yake alipofariki. "Ulipokuwa unatupiga picha ulipiga hodi? Pita, mwanachuo. Pita utuone tulivyobaki."

"Shikamoo, shangazi."

"Hiyo shikamoo iweke hapo juu ya kaunta. Nitaichukua nikipata nafasi."

Msichana aliitazama rafu iliyokuwa nyuma ya shangazi. Juma lililopita ilikuwa imejaa mizani zinazongoja zamu. Sasa zilibaki alama za miraba kwenye vumbi, na mizani moja tu ya zamani ambayo mwenyewe alikufa bila kuifuata.

"Unahesabu?" shangazi aliuliza. "Ngoja nikusaidie. Sonara alikuja kuchukua yake Jumanne. Wa duka la dawa, Jumatano. Huyo hata kwenye gari hakushuka, alimtuma dereva. Jana maabara. Wote wana haraka, wote wanacheka nami. 'Tutarudi, dada, tutarudi.' Mtu anachukua mzigo wake ambao haujatengenezwa, halafu anakuchekea! Binti wa sonara si mwenzako darasani?"

"Ndiye, shangazi."

"Jumatatu akamleta baba yake chuoni aone mapicha mazuri. Basi kaona."

Miligramu alikuwa ameketi kwenye meza ya kazi, dirisha likiwa mgongoni mwake, akifuta mawe ya mizani kwa kipande cha ngozi laini. Alinyanyua macho mara moja. Msichana, ambaye kwa majuma mengi alikuwa ameishi kwa kuyategemea macho hayo, aliyatafutia jambo la kushika: pole, hasira, chochote. Yaliinama tena juu ya kijiwe cha gramu mbili.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Kwa mzee. Sikujua."

"Hukujua! Ulikaa hapa miezi miwili, ukanywa chai yetu, ukaniuliza mpaka nalala saa ngapi ukaandika kwenye kijitabu. Saa ya kulala uliijua. Hili hukulijua."

"Shangazi, mwache," Miligramu alisema kwa sauti ya chini.

"Wewe nyamaza, futa mawe."

Akafuta mawe.

Pazia la chumba cha nyuma lilisogea, mzee akatoka. Alikuwa amevaa koti lake la kazi la kijivu, limefungwa vifungo vyote, na mkono wa kulia ameutia mfukoni. Msichana alikumbuka kwamba katika miezi miwili alikuwa amemwona hivyo mara nyingi, mkono mfukoni, na kwamba kwenye kijitabu chake aliandika: *mkao wa mtu mwenye mamlaka.*

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja nayo?"

"Nini, baba?"

"Picha. Watu wote wameiona isipokuwa mwenyewe."

Aliitoa mkobani na kuilaza mezani. Ilikuwa ya tisa kati ya zile kumi na mbili, na kwa macho ya mtu asiyejua chochote ilikuwa nzuri kuliko zote. Mwanga wa dirisha ulikuwa hafifu asubuhi ilipopigwa, kwa hiyo kamera ilibidi ikae wazi kwa muda mrefu kidogo. Kila kilichotulia kilitoka wazi kabisa: sahani ya shaba, mshale wa mizani, mikunjo ya paji la uso wa mzee, hata uzi uliolegea kwenye mkono wa koti. Mkono wenyewe, pale ulipokishika kibano, ulitoka kama moshi.

"Nisomee hayo maandishi ya chini," mzee alisema. "Miwani yangu iko mbali."

Miwani ilikuwa mfukoni mwa koti, kifuani. Wote wanne waliiona.

Msichana akasoma. "'Mkono usiotulia. Fundi na miaka arobaini ya bidii.'"

"Bidii!" shangazi alisema. "Ukutani! Kwa herufi kubwa!"

"Nani alikufundisha kuwa bidii ni kusogea?" mzee aliuliza. Hakuwa na ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kosa limeingilia wapi.

"Kitabu, baba. Tulisoma kwamba kazi huonekana katika mwendo wa mwili."

"Kwa mlimaji ni kweli. Kwa dobi ni kweli. Hapa mtu anashusha pumzi nusu, anaizuia, kisha anaweka. Ukisogea, jiwe linagusa ukingo, mshale unayumba, na ukipiga muhuri hapo umempigia muhuri mwongo. Kwenye kazi hii mkono unaoonekana ukitembea ni mkono uliokwisha. Sonara hakuhitaji kuuliza mtu. Alisimama mbele ya ukuta wako akanisoma kama barua."

"Mbona siku zile zote nilizokuwapo..."

"Siku zile zote ulinikuta nikisoma mshale na kupiga muhuri. Mawe yalikuwa yamekwisha kuwekwa kabla ya kufungua duka." Hakumtazama mwanawe. "Miaka miwili sasa. Siku ile ulikuja mapema, sisi hatujamaliza. Ukasema, 'Baba, endelea tu kama kawaida.' Niliona aibu kukuambia ngoja. Nikajikaza kisabuni, nikashika kibano. Nikajua kuwa umeona. Ulipoondoka bila kusema kitu nikajiambia, huyu mtoto ana adabu, amenifichia."

Msichana alitaka ardhi ipasuke. Ardhi, kama kawaida yake katika nyakati za namna hiyo, ilikaa palepale. Kilichopasuka kilikuwa kitu kingine, taratibu, kuanzia kwenye neno moja la mzee: *sisi*.

Aliliona tena benchi la nyuma ya maktaba. Hapo ndipo alipomrudishia Miligramu picha zote kumi na mbili, kama mhadhiri alivyoagiza, ili azipitie kwa niaba ya nyumba. Kijana alizipitia moja moja, akitia herufi za jina lake kwenye fomu kando ya kila namba. Alipofika ya tisa alikaa nayo. Alikaa nayo hadi msichana akaona haya, akasema, "Hii imetikisika kidogo. Nitaitoa." Kijana alijibu, "Hii usiitoe. Hii ndiyo picha." Usiku ule msichana hakulala kwa furaha, kwa kuwa alidhani amesifiwa.

Mtu aliyeitwa Miligramu aliitazama picha hiyo kwa dakika nzima. Hakuna jambo lililo ndani yake ambalo hakuliona.

"Jambo moja tu nataka kujua," mzee alisema. "Chuo chenu kina utaratibu. Uliniambia mwenyewe siku ya kwanza: hakuna picha itakayotundikwa bila mtu wa nyumba hii kuipitisha. Mimi sikuletewa. Nani aliyeipitisha?"

"Mimi sikuletewa," shangazi alisema haraka. "Ningeichana."

Mkono wa msichana ulikuwa mkobani tayari. Fomu ilikuwa pale, imekunjwa mara mbili, na herufi zilikuwa kando ya namba tisa kwa wino wa buluu. Kuitoa kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Alimtazama Miligramu, akamngoja.

Feni ilizunguka. Nje pikipiki ilipita, ikaenda zake. Miligramu alichukua kijiwe cha gramu moja, akakifuta, akakirudisha katika shimo lake sandukuni, akachukua cha nusu gramu.

Msichana alitoa mkono mkobani, mtupu.

"Mimi, baba. Nilipaswa kuwaletea, sikuwaletea. Nilikuwa na haraka ya kutundika."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Umesikia?" shangazi alimwambia kaka yake. "Kasema kwa kinywa chake! Na huyu ndiye wa kwenda kumposa Jumapili. Aingie humu ndani atupige picha tukiwa tunaoga!"

Mzee alimtazama msichana kwa muda mrefu, kisha akamtazama mwanawe kwa muda mrefu zaidi, na katika uso wake hapakuwa na alama yoyote ya kusadiki wala ya kutosadiki. Alikuwa ameishi kwa kusoma mishale inayosogea upana wa unywele. Huenda alisoma na huu. Hakusema alichosoma.

"Zima feni," alimwambia dada yake.

"Ya nini?"

"Zima."

Shangazi akazima. Msichana akaufunga mlango nyuma yake bila kuambiwa, kwa mazoea. Mzee akavuta mizani ya marehemu kutoka kwenye rafu, akaiweka mbele ya mwanawe, akamsogezea kibano kwa mkono wa kushoto.

"Weka la miligramu kumi. Mbele ya watu. Si nyuma ya pazia."

Kijana alisita. Kisha akashusha pumzi nusu, akaizuia. Hakuna aliyesema, hakuna aliyepita. Msichana alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, amejitwika fedheha yake yote, machozi yamejaa pasipo kudondoka, na Jumapili yao inakufa katikati ya chumba. Kijana aliyajua hayo yote. Kibano kilishuka, kijiwe kikatua katikati ya sahani, mshale ukasogea kidogo, ukasimama.

Mkono haukutikisika hata kidogo.

"Mkono mzuri," mzee alisema. Aliyasema hayo kama mtu anayetaja ugonjwa. Alivua koti la kijivu, kazi iliyomchukua muda kwa sababu ya vifungo, na wote wakamwacha afungue mwenyewe. Akalitundika kwenye msumari, akarudi nyuma ya pazia akiwa amevaa shati.

Msichana aliiacha picha mezani, akatoka.

Alikuwa amefika kwenye kona ya duka la vioo Miligramu alipomfikia mbio na kumshika mkono.

"Ngoja. Ngoja, mpenzi. Umeniokoa."

"Ulijua."

Hakukana. Hilo, angalau, aandikiwe. "Nilijua."

"Nikakuambia imetikisika. Nikasema nitaitoa!"

"Nisikilize kwanza. Miaka miwili naamka kabla ya jua, naweka mawe, halafu nakaa mchana kutwa nafuta vumbi kama mtoto wa shule, yeye anapiga muhuri. Nilimwambia apumzike. Akaniambia nataka kumzika mapema. Shangazi akaniambia ninyamaze. Mwezi wa nne baba alimalizia mwenyewe mizani ya duka la dawa, kwa kiburi tu. Ile wanayopimia dawa za watoto. Niliikamata mlangoni inatoka. Mlangoni! Kosa lake lilikuwa kubwa kuliko uzito wa kidonge kizima. Ningefanya nini?"

"Ungemwambia."

"Huwezi kumwambia baba jambo kama hilo usoni."

"Ukaona nimwambie mimi. Ukutani."

"Nilidhani atakayeona ni mhadhiri tu na wenzako. Nilidhani nitamwonyesha faraghani, nimwambie, 'Baba, hata kamera imeona.' Sikujua habari ya sonara."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa kuitundika."

"Ningekataa."

"Basi," alisema, kana kwamba wamekubaliana.

Alikuwa amemshika mkono bado, na mkono wake ulikuwa na joto, mkavu, mtulivu. Msichana aligundua kwa huzuni kwamba alikuwa akiupenda vilevile. Alitaraji kuwa kumjua mtu kungempunguzia mapenzi. Vitabu vya sosholojia havikuwa na sura juu ya jambo hilo, na vitabu vingine vimedanganya.

"Jumapili haiwezekani," kijana alisema. "Lakini shangazi atapoa. Mpe mwezi. Mpe miwili. Nitamlainisha polepole."

"Atakuja kumposa nani? Yule aliyemvua kaka yake nguo mbele ya mji? Nitaishi naye nyumba moja nikiwa huyo? Kila akinipa sahani nitakuwa huyo. Watoto wetu watakuwa wa huyo."

"Umesema mwenyewe kuwa ni wewe. Mimi sikukutuma."

Msichana alimtazama. Kijana, ili tumtendee haki, aliinamisha uso.

"Sikukusudia hivyo," alisema.

"Nilikungoja. Nilitia mkono mkobani, nikakuangalia, nikakungoja. Ungesema neno moja ningesimama nawe, hata shangazi angetupiga viatu. Nikasema mimi ili nione utaniachia nibebe mpaka wapi." Alifuta uso kwa kiganja. "Basi nakungoja tena. Mlango ule pale, hatua ishirini. Rudi ndani, pita kwenye pazia, umwambie: 'Baba, picha niliipitisha mimi, na sababu yake ni hii.' Mwambie na habari ya dawa za watoto. Sababu yako si mbaya. Hiyo ndiyo inayonitesa, sababu yako si mbaya! Mwambie, na hata wakikufukuza mimi nitakuwa hapa kwenye kona. Jumapili sitaki. Nataka hilo tu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Kijana alivuta pumzi. Aliugeukia mlango wa karakana, akapiga hatua moja, ya pili, bila kuuachia mkono wake, hivi kwamba msichana pia alivutwa kidogo. Msichana alimwona akifungua kinywa kulijaribu neno la kwanza. Wakati huo, na kwa sekunde chache tu, alikuwa na furaha.

Mwanamke mmoja alikuwa akija kwa upande wa pili wa barabara, amekumbatia mizani iliyofungwa kwa shuka. Alisimama mbele ya karakana, akachungulia ndani, akaona rafu tupu na shangazi aliyeinamisha kichwa juu ya kaunta, akasitasita. Akageuka kuwatazama wale wawili wa barabarani.

"Samahanini. Fundi yupo?"

Kwa miaka yote swali hilo lilijibiwa kwa kumwita mzee.

Msichana alihisi vidole vya kijana vikilegea, kimoja kimoja, pasipo mtetemo wowote.

"Nipo," kijana alisema, akavuka kwenda kuupokea mzigo.